Nani Atakionya Kijiji Usiku wa Manane?



Mwezi Mei wa mwaka 2024 ulitupa fundisho ambalo wengi wetu tumelisahau upesi mno. Tarehe 4 ya mwezi ule, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiikaribia pwani yetu, hitilafu katika Gridi ya Taifa iliacha sehemu kubwa ya Tanzania bila umeme. Siku nane baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, na intaneti ikadhoofu au kutoweka kabisa hapa kwetu na katika nchi kadhaa za jirani. Hivyo, katika muda usiotimia wiki mbili, umeme wa gridi na mtandao, ambavyo juu yake tumeweka matumaini yetu yote ya kupashana habari, vilianguka kimoja baada ya kingine. Palipokosekana umeme televisheni ikawa kioo cheusi ukutani. Palipokosekana mtandao, simu zilizozoea kutuletea picha zikabaki za kupigia tu. Aliyekuwa na redio ndogo ya betri mbili aliendelea kusikia, na jirani zake wakaja kukaa karibu naye.

Asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya nchi maskini. Tarehe 28 Aprili 2025 Hispania na Ureno zilikosa umeme karibu nchi nzima kwa saa nyingi, na watu waliokwisha kuona redio kuwa kitu cha wazee walikimbilia madukani kutafuta redio za betri. Sweden, nchi tajiri, ilisambaza upya kijitabu cha tahadhari kwa kaya zake zote mwaka 2024, na kati ya vitu ambavyo kila nyumba inashauriwa kuwa navyo ni redio ya betri, ya nguvu ya jua au ya kuzungusha kwa mkono. Wenzetu walio na umeme wa kutosha wanakumbuka redio. Sisi tunaokatikiwa umeme mara kwa mara tunaitupa. Je, hiyo ndiyo akili?

Tunayoyaandika hapa yatawaudhi baadhi ya wapendwa wetu, maana siku hizi kila jimbo lenye matumaini ya kupata wafadhili linaota kuwa na studio ya televisheni, na kila parokia ya mjini inanunua kamera. Hatuna ugomvi na kamera kwa ajili ya mafundisho, nyimbo na sherehe za upadrisho. Lakini maafa yanapokuja, jukumu la kwanza la chombo cha habari ni kumfikia mtu aliye hatarini kabla hajafa, na jukumu hilo televisheni hailiwezi katika mazingira yetu. Redio inaliweza. Kwa sababu hiyo tunashikilia kwamba fedha, watu na muda vielekezwe kwanza kwenye redio. Huu ndio msimamo wetu, na tunauona kuwa jambo la haki wala si la ufundi tu, kwa kuwa watakaokosa onyo ni walewale ambao siku zote hukosa.

Hebu tutazame televisheni ilivyo ndani ya nyumba ya mkulima. Inataka umeme usiokatika. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, tarehe 31 Desemba 2012, inataka pia king'amuzi, na mara nyingi dishi na malipo ya kila mwezi. Inataka mtu aketi mbele yake na kuikodolea macho. Mama anayepika jikoni, kijana aliye shambani na mvuvi aliye ndani ya ngalawa hawawezi kuketi mbele ya kioo. Kipofu haioni. Asiyejua kusoma hupitwa na maandishi yanayokimbia chini ya picha, na mara nyingi humo ndimo onyo linamowekwa, huku mchezo wa mpira ukiendelea juu yake!

Redio husemea gizani. Hubebwa mfukoni mtu akikimbia. Betri zake hukaa siku nyingi kwa sababu sauti peke yake haihitaji nguvu kubwa kama kioo chenye mwanga. Hata redio isiyohitaji betri ipo: Mwingereza Trevor Baylis alibuni redio ya kuzungusha kwa mkono mwaka 1991, baada ya kutazama kipindi cha televisheni (tunaomba msicheke) kilichoeleza kuenea kwa UKIMWI barani Afrika na haja ya kuwafikia watu wasio na umeme. Televisheni yenyewe ndiyo iliyomtuma mtu huyo kwenye redio.

Ipo hoja nyingine isiyosemwa sana. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa maonyo yake kwa ngazi na rangi: njano kwa angalizo, rangi ya machungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa. Ni utaratibu mzuri, nasi tunawapongeza wataalamu wetu. Lakini ramani hiyo yenye rangi inapopita kwenye kioo kwa nusu dakika, mtu wa kijijini anaona nini? Anaona mkoa wake umepakwa rangi ya machungwa. Haoni mto wake wala bonde lake. Tena maneno angalizo na tahadhari, kwa masikio ya mtu wa kawaida, ni kitu kimoja. Mtangazaji wa redio ya mahali, anayejua kwamba daraja la kuelekea mnadani huzama kabla ya mengine yote, anaweza kuitafsiri rangi ile kuwa maneno ya kutendwa: waliojenga kando ya kijito hiki wahamie shule ya msingi kabla ya jua kuzama, watoto wasivuke kesho asubuhi, ng'ombe wapelekwe upande wa juu. Onyo lisilotaja mahali, saa na la kufanya ni habari tu. Mtu hulisikia, husikitika, kisha hulala.

Majirani zetu wa Kenya walilitambua hilo. Idara yao ya Hali ya Hewa ilisaidia kuanzisha vituo vidogo vya redio ya jamii mahali penye hatari penyewe, kama Kangema kwenye miteremko ya Murang'a ambako ardhi huporomoka, na Budalang'i ambako Mto Nzoia hufurika. Kituo kidogo cha namna hiyo hakiwezi kushindana na televisheni ya jiji kwa uzuri, wala hakihitaji.

Sasa tufike kwenye jambo gumu zaidi, yaani usiku. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, ya kwanza ya Majilio, alfajiri, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na karavati lililoziba chini ya reli huko Mai Mahiu, Kenya, yalipasua njia na kuzoa nyumba pamoja na watu waliolala, makumi wakafa. Kwa saa kama hizo ni nyumba ipi yenye televisheni inayosema? Picha za Katesh tuliziona sote, na dunia nzima iliziona, lakini tuliziona baada ya maiti kulazwa. Televisheni hufika pale barabara inapopitika. Hutuliza kiu ya walio mbali, huwasukuma wenye mali kutoa blanketi na unga, na kwa hilo tunaishukuru. Lakini tusiuite huo msaada wa walio hatarini kuwa onyo.

Mtu mwerevu atatujibu: hata redio huzimwa usiku, na mtu aliyelala hasikii redio. Ni kweli kabisa, na hapo ndipo tunapotaka viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo watusikilize kwa makini. Hatudai kwamba kila mtu akeshe na redio sikioni. Tunadai kwamba, katika siku za hatari iliyotangazwa, awepo mtu mmoja katika kila kigango anayesikiliza kwa zamu, na mkononi mwake iwepo kamba ya kengele. Kengele ya kanisa imewahi kuita watu kwenye moto na kwenye msiba miaka mingi kabla ya redio. Kipaza sauti cha msikiti kinafika mbali kuliko kengele zetu nyingi, na ndugu zetu Waislamu hawatatunyima usiku wa mafuriko kama tumezungumza nao mchana wa amani. Jambo lililosemwa redioni kwa sentensi moja linaweza kubebwa: msikilizaji hulipeleka kwa mpiga kengele, mpiga kengele kwa mwenye baiskeli, mwenye baiskeli kwa bibi anayeishi peke yake kule bondeni. Picha haibebeki hivyo.

Wapinzani wa maoni yetu hutukumbusha Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, nasi hatuikwepi. Tetemeko lilitokea karibu na Sumatra yapata saa kumi alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi yalifika pwani ya Afrika Mashariki mchana. Kulikuwa na saa nyingi za kuonya. Habari za vifo vya Asia zilikwisha kuenea duniani kwa televisheni na mashirika ya habari. Serikali ya Kenya iliwaondoa watu fukweni, na huko alikufa mtu mmoja. Tanzania tulipoteza watu wasiopungua 10. Somalia walikufa karibu 300. Tunakiri kwamba siku ile kioo cha mbali kilisaidia kuwashtua wenye madaraka. Lakini hebu tuulize: waliokufa Somalia walikufa kwa sababu dunia haikuwa na picha? La hasha! Picha zilikuwa zikizunguka dunia nzima tangu asubuhi. Kilichokosekana ni sauti ya kumwambia mvuvi wa pale pale, kwa lugha yake, kwamba asirudi pwani. Kati ya habari iliyopo na mtu anayeihitaji kuna hatua ya mwisho, na televisheni haiivuki hatua hiyo.

Wenye umri wetu na kuendelea wanakumbuka jinsi taifa lilivyoambiwa habari za vita ya Kagera mwaka 1978. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Taifa zima lilisikia kwa Redio Tanzania, likaelewa, likatenda. Wanakumbuka pia matangazo ya vifo, ambayo yaliinyamazisha nyumba nzima ili jina la ukoo lisipite bila kusikiwa. Tabia ile ya kunyamaza ili kusikia ilikuwa hazina, nasi tuliipoteza pasipo mtu kutunyang'anya.

Hatutakuwa wakweli tukiisifu redio bila kusema ilichofanya Rwanda. Kituo cha RTLM kilianza kurusha matangazo Julai 1993. Kilipendwa kwa muziki wake na kwa lugha yake ya mtaani. Mwaka 1994, katika siku za mauaji ya kimbari, kikawataja watu kwa majina na kuelekeza wauaji mahali walipojificha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari mwaka 2003, wawili kati yao wakiwa wahusika wakuu katika kukianzisha kituo hicho. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu zao bila kuwaondolea hatia. Mambo yote tuliyoyasifu hapo juu, yaani kufika kila nyumba, kusema kwa lugha ya mahali, kutaja mto na njia, kutoa agizo linalobebeka, RTLM iliyatumia kwa ajili ya kifo. Wako wanaotoa hapo hoja kwamba redio ndogo za mahali ni hatari na zidhibitiwe hadi zisiweze kusema neno. Sisi tunatoa hoja nyingine. Chombo chenye nguvu hiyo hakiachwi mikononi mwa wenye chuki, na namna ya kutokiacha ni kukishika.

Tunao mfano karibu. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Mwaka 1995 Shirika la Wayesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko huko Ngara, kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji waliowapokea. Hawakuanza na televisheni, ingawa mwaka ule kamera za dunia nzima zilikuwa zikipishana makambini. Walielewa kwamba mtu aliye chini ya turubai anahitaji kujua maji safi yako wapi na ndugu zake wako wapi, na kwamba masikio yaliyotiwa sumu na redio yatatibiwa kwa redio. Jina lenyewe, kwizera, lina maana ya kuamini na kutumaini.

Kuna maafa mengine yasiyoletwa na mvua. Tarehe 30 Januari 2018 Serikali ya Kenya ilizima mitambo ya televisheni kubwa za binafsi ili wananchi wasitazame tukio la kisiasa mubashara. Hapa Tanzania, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa, katika saa ambazo wazazi walikuwa wakitafuta watoto wao. Watu walibaki na vituo vyenye leseni. Kila mmoja wetu anajua alichokisikia siku zile na ambacho hakukisikia. Hatusemi kwamba redio haizimiki; nayo ina leseni, ina mnara, ina mwenyewe anayeogopa. Tunasema kwamba amri ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika hati ya Inter Mirifica ya mwaka 1963, inayokiri haki ya mwanadamu ya kupata habari, haikuweka pembeni siku za hatari. Siku hizo ndizo inapohitajiwa zaidi. Kituo kinachopiga muziki wa burudani wakati watu wanakufa mtaani hakijasema uongo, lakini kimewaacha wasikilizaji wake.

Hapo tunafika nyumbani kwetu wenyewe. Redio nyingi, zikiwamo za mashirika ya dini, ifikapo saa nne usiku mtangazaji hufunga mlango na kuiachia kompyuta ipige nyimbo na rozari zilizorekodiwa hadi alfajiri. Mnara unawaka, umeme unalipwa, na hakuna mtu. Afisa wa wilaya akipiga simu saa nane usiku kusema mto umevunja kingo, simu inaita katika chumba kitupu. Tuna minara na leseni, ila tumekosa mtu wa kulala karibu na kipaza sauti. Gharama ya mlinzi wa kipaza sauti kwa miezi ya masika ni ndogo kuliko bei ya kamera moja. Tunaomba Halmashauri za Walei zinazoletewa maombi ya michango kwa ajili ya vifaa vya kurusha picha zianze kwa kuuliza swali hili: usiku nani yupo studio? Jibu likiwa hakuna mtu, mchango usubiri.

Tena masafa ya FM huenda kama macho yaendavyo. Mlima ukisimama katikati, upande wa pili hausikii kitu. Wazee waliosikiliza masafa ya kati na masafa mafupi walipata stesheni za mbali sana, hasa usiku, kupitia redio kuukuu. Tumekimbilia FM kwa sababu ya sauti yake safi, na vijiji vya nyuma ya milima vimekaa kimya. Wanaopanga ramani za minara mjini walipaswa kuona hilo, lakini wao hawaishi nyuma ya mlima.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Viongozi wa walei waliomo katika serikali za vijiji wahakikishe kamati hiyo si majina ya kubandikwa ubaoni. Iwe na redio moja yake yenyewe, isiyo ya mwenyekiti, pamoja na betri za akiba zilizonunuliwa kabla ya vuli na kabla ya masika. Namba ya simu ya studio iliyo jirani iandikwe kwa rangi ukutani, kwenye ofisi ya kijiji na kwenye sakristia. Makatekista wafundishe maana ya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa baada ya ibada, kwa muda uleule wanaoutumia kusoma matangazo ya ndoa; haitazidi dakika tatu. Na kengele ya maafa ipigwe kwa namna tofauti na ile ya Misa, ili mtu asigeuke upande wa pili wa kitanda akidhani ni katekista amekosea saa.

Viongozi wa vigango ambavyo usiku havipati kituo chochote cha redio tunawaomba watuandikie kupitia parokia zao kabla ya mvua za vuli, wakitaja jina la kigango, upande wa mlima walipo, na kituo wanachokipata mchana kama kipo. Majina hayo tutayapeleka sisi wenyewe kwa wenye minara.